Babu Asiyekufa: Ushauri kwa Anayeanza Kubuni Jamii yenye Asili ya Mashetani

Anayeanza kubuni jamii yenye asili ya mashetani kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika (ule wa mezani, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendesha mchezo huwasimulia ulimwengu wenyewe) huwa na mazoea ya kuanzia mbali mno: vita vya miungu, ufalme uliozama, mfalme mwenye tamaa aliyeiuza nafsi yake, kisha karne kadhaa za damu na moto. Anapomfikia mtu anayeishi leo, yule ambaye mchezaji atamwigiza, kurasa zimeshajaa na mchezaji ameshasinzia. Nimesoma simulizi nyingi za namna hiyo na nimeziendesha mezani, na ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kuanza na jambo linaloitenga jamii hii na jamii nyingine zote za ulimwengu wako: mwanzilishi wa ukoo bado yu hai.

Shetani wa hadithi hizi hazeeki wala hafi kwa maradhi. Jamii nyingine humzika babu yao wa kwanza, humtungia nyimbo na kumsingizia hekima ambayo pengine hakuwa nayo, na yeye hana namna ya kukanusha. Babu wa jamii hii anaweza kukanusha. Yuko mahali fulani, anakumbuka jina la bibi aliyezaa naye au la mzee aliyetia saini mkataba naye, na huenda ana maoni yake kuhusu namna wajukuu wanavyoendesha maisha. Kabla hujaandika lolote kuhusu vita vya kale, jibu maswali machache juu yake. Je, anajua kwamba uzao wake upo? Akijua, anauhesabu kuwa watoto, mali, au ushahidi wa aibu ambao angependa ufutike? Anaweza kuwafikia, au kuna kizuizi ambacho watu wanakitunza kwa gharama? Na wao, wakimwita, huitika nani?

Kila jibu huzaa sheria, kazi na ugomvi. Nitatoa mfano wa kubuni, ili isionekane kwamba nazungumza hewani. Tuwaite Warehani. Wazee wa mji uliozingirwa na maadui walikopa jeshi kutoka kwa shetani mmoja wa mikataba na, kwa kuwa hawakuwa na dhahabu, waliweka rehani uzao wao ambao ulikuwa haujazaliwa. Mji ukaokoka. Deni likalipwa lote, kwa tarehe iliyokubaliwa, na shetani mwenyewe akakiri kwa maandishi kwamba hadai chochote. Rehani, hata hivyo, haikurudishwa, kwa sababu hati inasema kwamba itarudishwa katika mkono ulioitoa, na mikono ile imekwisha kuoza. Kwa hiyo kuna watu wanaozaliwa na pembe mpaka leo kwa ajili ya deni ambalo halipo.

Tazama mambo yanayofuata bila kulazimishwa. Mtoto wa Warehani huzaliwa na alama ya muhuri kwenye kiganja cha kushoto. Mkunga huipaka masizi kidogo, huisogeza karibu na taa, huisoma, kisha huiandika katika vitabu viwili, kimoja cha mji na kimoja cha familia, kwa kuwa cha mji kiliwahi kuungua usiku ambao ulikuwa na faida kwa watu fulani. Wapo wanasheria wa Kirehani wanaotafuta mtu ambaye, kwa hoja ya urithi, anaweza kuhesabiwa kuwa ni ule mkono wa kwanza. Wapo wengine wasiotaka rehani irudishwe kabisa, kwa sababu mali iliyowekwa rehani inalindwa, na shetani yule hajawahi kuruhusu mtu mwingine aidhuru bila kulipa. Na wapo vijana ambao wanaona mjadala wote ni upuuzi wa wazee. Mchezaji anayesoma haya anajua tayari mhusika wake anaweza kusimama wapi, na mimi sijataja vita hata kimoja kwa jina.

Chagua mapema aina ya shetani, kwa kuwa aina humwamulia mjukuu urithi wake. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, umezoesha watu mgawanyo kati ya mashetani wa utaratibu, wanaoishi kwa mikataba na vyeo, na mashetani wa vurugu, ambao hawana mkataba wanaouheshimu. Mgawanyo huo ni wa manufaa hata kama hutumii mchezo huo. Babu wa mikataba huacha nyuma hati, madeni, mashahidi na tafsiri zinazogongana. Simulizi zake zina harufu ya mahakama. Babu wa vurugu huacha njaa, ndoto na vipaji visivyotabirika, na uzao wake hauna cha kudai mbele ya hakimu yeyote. Anayeanza huchanganya vyote viwili kwa sababu vyote vinavutia, na matokeo yake ni babu asiye na tabia. Chukua kimoja, na kingine mpe jirani.

Inafaa pia kujua jinsi wengine walivyopita njia hii. Jamii maarufu kuliko zote za aina hii, tiefling, iliingia katika mchezo huo mwaka 1994 kupitia ulimwengu wa Planescape, na wakati huo asili ya kila mmoja ilikuwa ya mashaka na sura zao zilitofautiana sana: huyu ana kwato, yule ana macho tu ya ajabu. Toleo la nne la mwaka 2008 liliwaingiza katika kitabu cha msingi cha wachezaji na kuwapa historia moja ya wakuu wa dola ya kale waliofanya mapatano na mashetani, pamoja na sura moja ya pembe kubwa na mkia. Mwaka 2014 asili yao ilifungwa zaidi kwa shetani mkuu mmoja, na mwaka 2024 kitabu kipya kikawagawa katika mirathi mitatu, kila mmoja na kinga yake: dhidi ya sumu, dhidi ya nguvu za mauti, au dhidi ya moto. Watu hubishana ni toleo lipi lililo bora. Kwa maoni yangu, sura moja na historia moja humsaidia msomaji kukumbuka, lakini humnyima mchezaji maamuzi ambayo ndiyo raha yenyewe ya kuketi mezani. Ningeweka historia ya pamoja iwe moja na kuacha mwili uwe huru.

Mwili wenyewe unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Pembe huchorwa vizuri, kisha husahauliwa. Kama robo ya wakazi wa mji wana pembe, kofia za chuma za walinzi wa mji huo hutengenezwaje, na nani analipia tundu la pembe: mlinzi au jeshi? Viti vyenye mgongo mzima humlazimisha mwenye mkia kuketi upande, kwa hiyo baraza ambalo viti vyake vyote ni vya namna hiyo limeshasema nani hakutarajiwa humo. Pembe hukua, hukatwa na nani, kwa umri gani, na je, vumbi lake lina soko kwa wachawi? Mambo haya madogo hueleza ubaguzi na heshima kwa wepesi ambao hotuba ya mhusika haiwezi kuufikia, na mwendesha mchezo anaweza kuyataja akipita, bila kusimamisha mchezo.

Uwezo uliomo katika kanuni nao ni sehemu ya habari za asili. Katika toleo la 2014, tiefling alistahimili moto na kuona gizani hadi futi 60, yaani takriban mita 18. Jamii nzima yenye uwezo huo haiwezi kuishi kama majirani zake na kuutumia vitani peke yake. Itapata kazi kwenye tanuru na migodi, italinda maghala usiku, itaombwa iingie katika nyumba inayowaka na kulaumiwa ikichelewa. Itajenga nyumba zenye madirisha machache, na wageni watazitafsiri vibaya. Ukiona kwamba uwezo fulani wa jamii yako haujabadilisha hata kazi moja wala nyumba moja, ama umeandika kanuni ambayo haihitajiki, ama hujamaliza kuandika.

Kuhusu urithi wa tabia, msimamo wangu ni mkali kidogo: damu irithishe uwezo na madai, isirithishe uovu. Ngano za kale zilishaliona hili. Merlin, mchawi wa ngano za Mfalme Arthur, katika maandishi ya karne ya 12 ya Geoffrey wa Monmouth, ni mtoto wa binti wa mfalme na pepo, na ngano za Kifaransa zilizofuata zikaeleza kwamba mashetani walimtaka awe wakala wao, akabakiwa na ujuzi wa baba lakini hakutumikia shabaha yake. Msukosuko wote wa mhusika huyo umo katika nafasi hiyo, kati ya alichopewa na alichotakiwa akifanyie kazi. Ukiandika kwamba jamii yote ni waovu kwa kuzaliwa, nafasi hiyo inazibwa, na mchezaji anabaki na mawili tu: kuwa mwovu, au kuwa mmoja wa ajabu aliyeokoka.

Kosa la upande wa pili limeenea kuliko hilo siku hizi, nalo ni kuwafanya wanyonge wasio na lolote ila kuchukiwa. Chuki isiyo na anwani huchosha. Andika nani anawaogopa, kwa sababu gani, na hofu hiyo inaishia wapi: wavuvi hawawapakizi katika mashua, lakini huwatafuta wakati wa dhoruba, wafanyabiashara hawawaozi binti zao, lakini humwamini karani wa Kirehani kuliko wa kwao, kwa kuwa mtu aliyezaliwa ndani ya hati mbovu husoma kila neno. Kabla ya kipindi cha kwanza, waulize pia wachezaji ni kiasi gani cha dharau wangependa kukutana nacho. Wapo wanaotaka kuikabili katika mchezo, na wapo ambao wamekuja kupumzika mbali nayo. Swali hilo huulizwa waziwazi, wakati wa maandalizi, na jibu la mtu mmoja linatosha kupunguza kiwango kwa meza yote.

Majina yasikuchukulie muda mrefu. Tunga majina ya kawaida ya mji wanamoishi, ongeza jina moja la siri au la kisheria linalotokana na babu, na amua nani anaruhusiwa kulitamka.

Linalobaki ni urefu. Mchezaji umpe nusu ukurasa: babu ni nani, anataka nini, jamii inabishania nini, mwili una nini, jirani anasemaje. Kurasa zako nyingine zibaki kwako, na katika hizo acha kwa makusudi swali moja bila jibu, lile ambalo wachezaji wakilifuatilia litabadilisha hali ya jamii nzima. Kwa Warehani ningeacha wazi kama shetani yule aliandika kifungu cha mkono kwa hila, au ni wazee wenyewe walioomba kiandikwe hivyo. Babu anajua, na anaweza kuulizwa, ila ada ya swali hilo iamue wewe baada ya kuona meza yako inathamini nini.