Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Injini, Kagua Matairi na Breki

Kila gari jipya la kasi linapotangazwa, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa wapwa zangu na vijana wa mtaani: hili linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tatu na nusu, lile lina nguvu ya farasi mia tano. Nazipenda habari hizi tangu utotoni na sina nia ya kumnyima mtu raha yake. Ninachowaomba ni kwamba anayeishi Nairobi azisome namba hizo kwa hewa na barabara za hapa, na kwamba akipata pesa za kuliboresha gari lake, aanze na vile vinavyolisimamisha.

Tuanze na hewa. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita. Injini isiyo na tabo (turbo) huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo ile iliyoandikiwa nguvu ya farasi 150 kiwandani hutoa kama 125 ikiwa hapa. Aliyewahi kuteremka Mombasa na gari la namna hiyo anajua jinsi linavyochangamka likikaribia bahari, kana kwamba limefanyiwa matengenezo njiani. Injini yenye tabo hupoteza nguvu kidogo kuliko hiyo isiyo nayo, kwa kuwa tabo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, ingawa mara nyingi nguvu yake huchelewa kidogo kuja. Gari la umeme halihitaji hewa ya kuunguzia kitu, na hii ndiyo sababu mimi huzifuatilia habari za magari ya umeme kwa makini kuliko wenzangu wengi wanaopenda mngurumo: namba yake ya Ulaya inakaribia kuwa namba yake ya Nairobi.

Namba zenyewe nazo zina desturi zake. Majarida mengi ya Marekani huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea kama sentimita 30, na hatua hiyo peke yake hupunguza sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde. Watengenezaji wa Japani nao, kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, walikubaliana kutotangaza gari la soko lao lenye zaidi ya nguvu ya farasi 280, na baadhi ya magari yaliyoandikwa 280 yalikuwa na zaidi. Rekodi za Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani, kama ile ya Mercedes-AMG One ya dakika 6 na sekunde 29 mwaka 2024, zinastahili heshima kubwa. Hata hivyo, zilipatikana kwenye njia iliyofungwa ya kilomita 20.8, isiyo na matuta, bodaboda wala mtu anayevuka na mkokoteni.

Nikiitwa kukagua gari lililotoka Japani karibuni, jambo la kwanza ninalofanya ni kuchutama kando ya gurudumu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha naitafuta herufi ya kasi. H huruhusu kilomita 210 kwa saa, V huruhusu 240, na Q mwisho wake ni 160. Nikiiona Q kwenye gari dogo la mbio, natazama kama pameandikwa STUDLESS, kwa sababu magari kutoka kaskazini mwa Japani huja mara nyingine yamevaa matairi ya theluji. Mpira wake ni laini na umechanjwa mistari myembamba mingi. Ukiusukuma kwa kidole gumba, vipande vyake vinacheza. Kwenye barafu ni tairi zuri mno. Kwenye lami yenye joto ya Mombasa Road linayumba, linaisha upesi, na kwenye breki ya ghafla gari linakwenda mbali kuliko ulivyotarajia. Hakuna kifaa cha injini ambacho ningemshauri mtu anunue kabla ya kuyaondoa matairi hayo.

Breki zinafuata, na hapa hesabu haina huruma: ukiongeza mwendo kutoka 60 hadi 120, nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza kuwa joto huwa mara nne. Joto hilo likifika kwenye mafuta ya breki, uzima wa mafuta hayo ndio utakaoamua kama kanyagio litashika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishaujaa, kiwango kinachodaiwa na viwango vya ubora hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama sakafuni. Anayeteremka kuelekea Mai Mahiu na familia garini, nyuma ya lori, anahitaji mafuta mazuri ya breki kama vile mshindani anavyoyahitaji. Badilisha kila baada ya miaka miwili, utumie gia ya chini kwenye mteremko, na pedi ununue kwa muuzaji unayemwamini hata kama bei yake inauma.

Gari likishakuwa zima, ndipo dereva ajifunze. Keti mgongo ukiwa umegusa kiti, unyooshe mkono, na kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuondoka. Funga breki gari likiwa limenyooka, uzito uhamie mbele, kisha uingie kwenye kona ukiwa umetazama unakotaka kutokea. Ukiwa katikati ya kona usiachie mafuta ghafla, kwa kuwa sehemu ya nyuma hupoteza uzito na inaweza kuteleza. Wenye mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, waujaribu kwa makusudi kwenye uwanja uliofungwa: kanyaga kwa nguvu zote, usilegeze kanyagio linapotetemeka chini ya mguu, na uendelee kupiga kona. Wengi hushtushwa na mtetemo huo wakaondoa mguu wakati ule ule breki zinafanya kazi yake.

Barabara za umma si mahali pa mazoezi haya. Nairobi Expressway yenyewe, barabara ya juu ya jiji, ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na chini yake kuna watu. Uwanja wa vigari vya karti unafundisha mstari wa kona kwa bei ambayo kijana anaweza kuimudu, na klabu za magari huandaa siku za majaribio kwenye maeneo yaliyofungwa. Joginder Singh, dereva wa Kenya, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, katika mashindano ambayo magari mengi hayakufika mwisho kabisa. Ustadi wa kulitunza gari huku unalikimbiza hauuzwi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road.

Siku utakapokwenda uwanjani, kaza nati za magurudumu kabla ya kuanza na uzikague tena baada ya mizunguko ya kwanza. Mzunguko wa mwisho uendeshe polepole ili upepo upoze diski, na ukiegesha usivute breki ya mkono zikiwa bado za moto. Liweke gari kwenye gia, uweke jiwe nyuma ya tairi, na uliache lipumzike kabla ya kurudi barabarani.