Bajeti si kiambatisho: kwa wadogo zangu mnaoomba fedha za utafiti

Kila msimu wa maombi ukifika, simu yangu inajaa maandiko. "Shikamoo dada, naomba unipitie harakaharaka, dedilaini ni kesho." Marahaba. Nayapitia, kwa sababu na mimi kuna watu walinipitia. Ila mwaka huu nimejikuta naandika maoni yaleyale pembeni mwa kurasa za watu wasiofahamiana, nikaona heri niyaseme hapa mara moja. Nasema na ninyi wa sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa na taaluma za maendeleo, mlioko mwanzoni mwa udaktari. Kiunzi cha nadharia mnakijua, sampuli mnaijua, sitawachosha na hayo.

1. Tatizo la jamii bado si swali la utafiti

Najua mlikojifunzia kuandika, maana ndiko nilikojifunzia na mimi: kuwabebea wahadhiri madodoso kwenye kazi za ushauri elekezi, kisha kuandika ripoti za NGO. Huko mkazoea "walengwa", "matokeo tarajiwa" na "mapendekezo kwa watunga sera". Mahmood Mamdani alipoanza kuiongoza MISR, taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, mwaka 2010 alilipigia kelele sana jambo hili. Alisema mshauri elekezi anatafuta majibu ya swali ambalo mteja ameshaliunda. Mtafiti kazi yake ya kwanza ni kuliunda swali lenyewe.

Andiko linafunguliwa hivi: "Ndoa za utotoni ni tatizo kubwa wilayani." Haya, ni tatizo kubwa. Sasa wewe kitu gani hukielewi? Kurasa nne zinapita, takwimu juu ya takwimu, na mimi bado namtafuta mtu anayeuliza. Social Science Research Council (SSRC) ya New York ina ushauri wake wa zamani kwa waombaji, na unajikunja kwenye maswali matatu: tutajua nini tusichokijua sasa, kwa nini kinafaa kujulikana, na tutaaminije kwamba ulichokipata ni kweli. Ukurasa wako wa kwanza ukiyajibu hayo, umewaacha nyuma wengi mnaoshindana nao. Na ile sentensi ya kwamba utafiti wako "utawasaidia watunga sera" ifute leo. Kila mtu anayo.

2. Soma masharti ya nani anaruhusiwa, halafu yasome tena

Mpango wa SSRC wa watafiti vijana wa sayansi za jamii Afrika, ulioanza 2011, ulitaka uwe umeajiriwa chuo kikuu, katika nchi sita tu, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. CARTA, mpango wa pamoja wa vyuo vya Afrika wa kuandaa watafiti, ya tangu 2008, inachukua watu kutoka vyuo na taasisi wanachama wake, na mkazo wake ni afya ya umma na idadi ya watu. CODESRIA ya Dakar (1973) na OSSREA ya Addis Ababa (1980), taasisi za utafiti wa sayansi za jamii, ni za kwetu Waafrika, na bado nakutana na watahiniwa wa udaktari ambao hawajawahi kufungua tangazo lao hata moja. Wenner-Gren, wakfu wa Marekani, hawajali uraia wako, lakini wanataka anthropolojia. Kuna kijana aliyewapelekea utafiti wa dodoso tupu kuhusu mikopo ya simu, neno "anthropolojia" kalichomeka kila aya. Nilimwuliza, "Mdogo wangu, utakaa na hao wakopaji?" Akasema hapana, watatumiwa maswali kwa simu. Tukacheka wote, ila mimi niliacha kwanza.

3. Bajeti

Hapa nitakaa, mniwie radhi.

Ufadhili wangu wa kwanza wa uwandani ulikuwa wa mfadhili wa nje. Simtaji, kwa kuwa yeye hana kosa. Nilitaka kuelewa wakulima wa pamba wa Bariadi wanaamuaje: nani apeleke pamba yake AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), nani aiuze pembeni, na ndani ya nyumba uamuzi huo ni wa nani. Andiko lilinichukua miezi, likapita mikononi mwa kila aliyekubali kulisoma. Bajeti niliiandika usiku mmoja, peke yangu, na kwa aibu.

Naitaja aibu kwa kuwa naiona kwenye bajeti zenu pia. Kwetu Tanga nimelelewa kwamba anayeomba haombi vyote. Mfadhili alikuwa ameandika waziwazi kikomo cha fedha. Mimi nikaomba chini ya nusu yake, nikajisifu moyoni: wataona huyu binti hana tamaa. Ili nifike chini hivyo nilifyeka. Mtafiti msaidizi nikamfuta, kwa hoja kwamba sisi sote ni Watanzania na Kiswahili kinatosha. Unukuzi, yaani kuyaandika mahojiano yaliyorekodiwa neno kwa neno, nikaufuta, nitanukuu mwenyewe jioni. Usafiri nikaandika "daladala", kana kwamba daladala zinaingia mashambani.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda. Viongozi wa AMCOS wana Kiswahili kizuri kuliko changu, na walinieleza bei, mizani na mikutano mpaka nikaona nimemaliza. Kisha nikaenda kwa kina mama, hasa wale wazee. Walinipokea kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye deni la mbegu na viuatilifu, na kwenye kilo zinazopotea juu ya mizani, wakageukiana wakaanza kuongea Kisukuma. Kisukuma changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Nikakaa pale na kinasa sauti changu natabasamu, na utafiti wangu wote unapita mbele yangu kwa lugha nisiyoielewa.

Nikampata kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, mwerevu, anayejua kuuliza bila kumkatisha mtu mzima. Tukapatana malipo ya siku. Nilimlipa kutoka kwenye posho yangu ya kujikimu, kwa sababu kwenye bajeti hakuwepo. Nikahama nyumba ya wageni nikaenda chumba cha bei chini, nikapunguza milo. Baadaye nikaanza kumlipa nusu. Mwisho nikawa nalipa ahadi. Hakulalamika hata siku moja. "Dada, utanipa ukipata." Kuna siku alitoa nauli ya bodaboda mfukoni mwake mwenyewe ili mahojiano yasiharibike, na mimi, mtafiti mwenye ufadhili wa kimataifa, nikaipokea nauli hiyo.

Fedha ziliisha katikati ya msimu wa ununuzi, yaani wiki zilezile ambazo swali langu lilikuwa linazihusu. Nikarudi Dar na mafaili ya sauti ambayo hakuna aliyeyanukuu. Msimamizi wangu akaomba kuona data. Nikafungua kompyuta, nikamchezea. Alisikiliza kama dakika moja hivi, akasema, "Hii si data, hii ni redio."

Kijana nilikuja kumlipa deni lote kwa M-Pesa, kwa kuchelewa kunakotia aibu. Alijibu "asante dada" na hakuongeza neno. Nilipomhitaji tena aje ahakiki tafsiri, alikuwa ameshakwenda kwenye migodi ya Geita na namba ile haipatikani. Sura ya kina mama, ambayo ndiyo iliyopaswa kuibeba tasnifu, ikabaki kijisehemu ndani ya sura ya wanaume. Ukiisoma leo utadhani wanawake wa Bariadi hawakuwa na mengi ya kusema.

Nilipopeleka ripoti ya mwisho nikaeleza ugumu wa fedha. Afisa wa mfadhili akaniandikia kwa upole kabisa: mbona hukuomba? Ningeandikiwa kwa ukali ningejitetea.

Sasa nimeshakaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo linalosoma maombi, na naweza kuwaambia bajeti ya unyenyekevu inasomwaje huko. Hakuna anayesema "huyu ana nidhamu". Wanasema huyu hajawahi kufika anakotaka kwenda. Mwomba chumvi huombea chunguni mwake, na jopo linataka kujua ukubwa wa chungu.

Kwa hiyo fanya hesabu. Tuseme una mahojiano ya saa 60. Saa moja ya sauti ihesabie saa 6 za kunukuu, na hapo sauti iwe safi, jogoo asiwe karibu. Hizo ni saa 360. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa siku, ni siku 45 za kazi, kabla hata ya kugusa tafsiri. Nani atazifanya, kwa malipo gani? Jibu lako liwe mstari kwenye jedwali, na kwenye maelezo ya bajeti andika sentensi moja inayofunga mstari huo na mbinu yako: mahojiano yatakuwa kwa Kisukuma kwa sababu hii na hii, hivyo kuna mnukuzi na kuna mfasiri. "Usafiri: milioni mbili" haimwambii mtu kitu. Basi kutoka Mwanza, bodaboda ya kutwa kwa siku kadhaa, kata ngapi, umbali gani: hapo msomaji anaona unalifahamu eneo. Na "Mengineyo, asilimia 10" iondoe. Yataje hayo mengineyo, kama yapo.

Vitu viwili vya haraka. Fedha unazipata kwa dola na kuzitumia kwa shilingi, kwa hiyo andika kiwango cha ubadilishaji ulichotumia na tarehe yake. Na wapo wafadhili, Wenner-Gren mmojawapo, wasiolipa gharama za uendeshaji za taasisi. Lijue hilo kabla kitengo cha utafiti cha chuo hakijakuomba asilimia yake.

4. Vibali vina miezi yake

Kila mwaka naona jedwali la muda linaloanza na "Mwezi wa kwanza: ukusanyaji wa data". Barua ya kibali kutoka chuoni mnaijua, ile inayotaja waraka wa serikali MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, ambao unampa makamu mkuu wa chuo mamlaka ya kutoa kibali cha utafiti kwa wanafunzi na wafanyakazi wake. Inasaidia sana, lakini inakufikisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa tu. Kutoka hapo kuna wilaya, kuna mkurugenzi wa halmashauri, kuna mtendaji wa kata, kuna mtendaji wa kijiji, na huyo wa mwisho amekwenda msibani na mhuri ameondoka nao. Kamati ya maadili sijaihesabu. Mliosajiliwa vyuo vya nje msifikiri pasipoti ya Tanzania inawavusha, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, inawahusu. Chombo kama hicho Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, na Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo anayetaka kulinganisha Tanga na Pemba ahesabu milango miwili. Weka vibali kwenye jedwali la muda, na nauli za kuvifuatilia kwenye bajeti.

5. Barua za mapendekezo

Mpe profesa wako wiki nne, andiko lenyewe, na ukurasa mmoja wa mambo ambayo ungependa ayataje. Usipompa atakuandikia kwamba una bidii na tabia njema, kama barua ya kuombea kazi ya ulinzi.

6. Saa ya nani?

Tangazo likisema saa kumi na moja jioni kwa saa za New York, hiyo kwetu ni saa sita usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa saba usiku wakisharudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba. Wenner-Gren wana dedilaini mbili kwa mwaka, tarehe 1 Mei na tarehe 1 Novemba, na hiyo ya Novemba inaangukia palepale wanapobadilisha. Tuma siku mbili kabla. Umeme unakatika, na mnajua unakatika.

7. Ukikataliwa

Soma maoni ya wahakiki baada ya hasira kuisha, si siku hiyohiyo. Wafadhili kadhaa wanaruhusu kuomba tena, na wanataka ueleze umebadilisha nini. Ukibadilisha kichwa cha habari peke yake wataona.

8. Ukikubaliwa: risiti

Hakuna aliyeniambia hili. Mwendesha bodaboda hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama aliyekupikia ugali hana. Mzee uliyemlipa akulindie pikipiki hana, na ukimwomba risiti atadhani unamshuku. Kabla hujaondoka chuoni, mwandikie mfadhili umwulize kama anakubali daftari la malipo: tarehe, jina, kazi iliyofanyika, kiasi, na sahihi au dole gumba. Wakikubali, lichapishe jibu lao ulibandike ndani ya jalada la daftari hilo, nakala nyingine iache ofisini kwa msimamizi wako. Mfuko wa plastiki wa kulifunikia uununue mapema, kwa sababu masika ya kijijini hayasubiri. Mhasibu wa chuo atakapokuja juu kwamba hizi si risiti, usibishane naye. Mfungulie jalada asome.