Mke Wangu Amegeuzwa na Mshauri Nasaha

*Shangazi, mwezi wa tatu gari letu lilitekwa na majambazi wenye bunduki langoni kwetu. Mke wangu alishtuka sana. Tangu hapo kila Alhamisi yuko kwa mshauri nasaha, shilingi 3,000 kila kikao, na siku hizi amekuwa mtu wa kujibizana. Tulipolazwa kifudifudi kwenye kokoto nilimwambia anyamaze, na leo ananirudishia neno hilo kama kosa. Gari niliuza kwa sababu mafuta yamepanda. Nalala sebuleni kwa sababu anawasha taa usiku kucha. Juzi amethubutu kuniambia niandamane naye. Mimi si mtu wa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimkataze?* Baba Kev, Kasarani.

Pole, Baba Kev. Kutekwa si mchezo, na ashukuriwe Mungu mlitoka hai. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaanza na "mke wangu alishtuka", halafu ghafla "tulipolazwa kifudifudi". Ala! Kumbe mlikuwa wawili? Hiyo "tu" imekuponyoka, na ndiyo barua yenyewe. Mengine yote ni maganda.

Eti umeuza gari kwa ajili ya mafuta. Mafuta yamepanda Kenya nzima na Thika Road bado haipitiki kwa msongamano wa magari. Umeuza kwa sababu huwezi tena kusimama langoni usiku, unapiga honi, unangoja lango lifunguliwe. Unalala sebuleni kwa ajili ya taa? Sebuleni ndiko mlango uliko. Nakisia kuna rungu chini ya kochi, na bodaboda ikizimwa nje saa nane za usiku unajikuta umeketi kabla hujaamka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe sasa umejiajiri bawabu wa kulinda ung'ongo.

Nina shemeji aliyekuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Watu 213 walikufa hapa Nairobi. Wengi waliopoteza macho walikuwa wamekimbilia madirishani kuangalia mlipuko wa kwanza, wa pili ukawakuta hapo. Shemeji alitoka na mchubuko wa kiwiko. "Mimi niko sawa," akasema, na akasema hivyo mpaka akastaafu. Lakini hakuketi tena karibu na kioo. Kanisani alikaa nguzoni. Kwenye stendi aliachia matatu tatu zipite ili apate kiti cha katikati. Dada yangu aliishi miaka yote hiyo na mwanamume aliyekuwa sawa, akiosha vyombo taratibu ili sahani zisigongane. Mficha maradhi, bwana.

Sasa huyo mshauri. Hafundishi kiburi. Kazi yake ni kumsaidia mkeo ausimulie usiku ule, kipande kwa kipande, mpaka uwe jambo lililopita badala ya jambo linaloendelea kutokea kila taa ikizimwa. Kisha wanarudia pole pole yale anayoyakwepa. Mara nyingi huwa vikao 8 hadi 16, si vya maisha. Mwanzoni ndoto huweza kuzidi, kwani kidonda kikisafishwa huwasha. Na hizo 3,000 anazilipa nani? Hukusema, basi nadhani si wewe.

Kuhusu lile neno, ulifanya vyema kumwambia anyamaze. Pengine ndilo lililowaokoa. Lakini majambazi walikwisha kwenda zao, Baba Kev, na amri ya kunyamaza hujaiondoa. Ndiyo maana unaita "kujibizana".

Jambo moja nakuunga mkono: jiji hili lina washauri wa kila namna, hata wenye cheti cha semina ya wikendi. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo muulize leseni yake, huo si utovu wa adabu. Na Mathari usiigeuze tusi. Ina kliniki ya watu wanaoingia asubuhi na kurudi kazini mchana, tena wenye tai.

Ndoa za siku hizi zinanichosha kwa hili. Harusi ina kamati, mazishi yana kamati, kundi la WhatsApp linafunguliwa na michango inasomwa kwa majina. Watu wawili walio hai wakishindwa kulala usiku, hakuna kamati. Kila mmoja anajikunja upande wake na kusema mwenzake ndiye mgonjwa.

Hapana, usimkataze. Katika nyumba yenu yeye ndiye anayepona, ndiye bado analala chumbani, ijapokuwa taa inawaka. Mwanamke aliyekoma kukupenda angekwenda peke yake na kukuacha na rungu lako. Huyu amekuomba mwandamane. Wewe ukaita hilo kuthubutu.

Muulize kikao kinaanza saa ngapi. Alhamisi ni kesho kutwa.