Reli ya Bububu: ilikuwepo, na haitarudi kirahisi

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli Unguja iliwahi kuwa na treni na kama itafufuliwa. Ilikuwepo, tena ya abiria. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyembamba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kama maili 7, ikaanza kazi mwaka 1905. Zitazame kadi za posta za zamani: garimoshi linapita kwenye njia ya Mji Mkongwe, ukuta huku, ukuta kule, na watu wameegemea milango kulipisha. Hata kabla yake Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa na kireli chake cha kwenda Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu.

Magari yaliimaliza. Abiria walikoma 1922, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha reli zikang'olewa.

Kufufuliwa? Sidhani. Njia hiyo ya Bububu leo ni ya daladala 502, na nyumba zimeisogelea pande zote. Ninachokitaka kwa moyo wote ni vibao vya kuonyesha ilipopita, kuanzia pale Ngome Kongwe, maana vijana wengi wanapita hapo kila siku bila kujua.