Mkubwa wako usimwambie "lamon"

Kama unafanya kazi Ghuba na jiko mnachangia na Wafilipino, kuna neno utalidaka mapema kuliko salamu: lamon. Mimi nililipata wiki ya kwanza Doha. Vijana wa Manila wakirudi kutoka zamu, sufuria la wali likifunuliwa tu, mmoja anapaza sauti, "Lamon na!" Wote wanavamia. Nikajua basi, maana yake "tuleni".

Ijumaa moja nikamkuta mama mmoja wa Batangas, mkubwa wetu pale nyumbani, anakula taratibu peke yake. Nikataka aone kwamba najifunza. "Ate, lumalamon ka ba?" nikidhani namwuliza, unakula? Ate ni dada mkubwa, kwa hiyo adabu nilidhani nimeitimiza. Kijiko kikasimama njiani.

"Baboy ba ako?" Kwani mimi nguruwe?

Kumbe kula ni kain kwa Kitagalog, lugha ya Manila, na kaon kwa Kisebuano, lugha ya Cebu. Lamon, kwa wote wawili, ni kufakamia: tonge juu ya tonge, kama mtu anayekimbizwa. Kwa Kitagalog hata moto ukiteketeza nyumba husemwa kwa neno hilo hilo. Sasa fikiria umkute bibi yako barazani na sahani yake, umwulize, "Bibi, unafakamia?" Wale vijana walikuwa wanataniana, rika kwa rika.

Kwa mkubwa uliza, "Kumain na po ba kayo?", yaani umeshakula? Kwao ni nusu salamu, na hiyo po, pamoja na kayo ya wingi, ndizo zinazobeba heshima. Lakini mtu wa Cebu akiongea Kisebuano chake usimpelekee po, haimo, "Nikaon na ka?" inamtosha. Ukikaribishwa "Kain tayo" huna lazima ya kuketi. Sema "Busog pa po ako", bado nimeshiba, kama sisi tunavyojibu "starehe" tukapita.

Lamon lenyewe anza kwa kujisema: "Lumamon ako kagabi", jana usiku nilifakamia. Hapo watacheka nawe. (Hiyo -um- ya lumamon inapenya katikati ya neno, haikai mbele kama ni- au tu- zetu. Ilinisumbua mwezi mzima.)

Yule mama alinisamehe. Nikichelewa zamu huniwekea wali pembeni, na akiniona nachota sahani ya pili husema, "Lamon na naman!" Unafakamia tena! Yeye ana ruhusa.