Kabla Hujagusa Mipangilio ya Seva ya Miamala

Kila Januari, wazazi wa Moshi wanapohangaikia ada za shule, foleni katika SACCOS niliyokuwa nikiitunzia seva ilifika mlangoni. Keshia alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha akakaa kuitazama skrini huku mwanachama aliyesimama mbele yake akiuliza kama mtandao umekatika tena. Mtandao ulikuwa mzima. Iliyokuwa taabani ni MySQL, programu ya hifadhidata inayotunza miamala yote, ambayo ilisimikwa miaka kadhaa nyuma na kuachwa na mipangilio yake ya kuanzia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pupa. Nilinakili mipangilio minane kutoka intaneti, nikaibandika yote kwa mkupuo na kuiwasha seva upya. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Saa sita mchana seva ikazimika kwa kuishiwa kumbukumbu. Miongoni mwa niliyoipandisha ilikuwamo sort_buffer_size, ambayo niliipa MB 64 nikidhani ni ya seva nzima, kumbe hutengwa kwa kila muunganisho unaopanga data. Miunganisho 151 inayoruhusiwa kwa kawaida ikiitaka kwa pamoja, zaidi ya GB 9 zinakwenda kwa kazi hiyo peke yake, na mashine yetu ilikuwa na RAM ya GB 16. Tangu siku hiyo hubadilisha mpangilio mmoja tu, nikaupima kwa siku nzima ya kazi na kuandika matokeo kwenye daftari la karatasi, ndipo niguse mwingine.

Upande wa kusoma, uliotuokoa ni innodb_buffer_pool_size, yaani sehemu ya RAM ambamo MySQL huweka kurasa za data ili isiziendee diskini kila mara. Ilikuwa bado MB 128, ilhali data yetu ilikaribia GB 6. Niliipandisha hadi GB 8. Kwenye seva isiyo na kazi nyingine watu hufika hata robo tatu ya RAM, lakini yetu ilibeba pia programu ya mhasibu, kwa hiyo sikuthubutu.

Kuhifadhi, hata hivyo, kulibaki kuzito, na hapo ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unapopotosha. Muamala unapothibitishwa, MySQL huandika kwanza kwenye daftari lake la mabadiliko na kusubiri diski ikiri kwamba maandishi yamekaa. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hupita mahali pamoja mara 120 tu kwa sekunde, hivyo miamala inayofuatana mmoja mmoja haiendi mbali zaidi ya hapo hata ukiongeza RAM kiasi gani. Njia ya mkato ni kuipa innodb_flush_log_at_trx_commit thamani ya 2 badala ya 1, ili maandishi yashushwe diskini takriban mara moja kwa sekunde. Niliifuata. Foleni ikaisha, nami nikapongezwa.

Machi, masika yalipoanza, umeme ulikatika, na UPS, kifaa cha kushikilia umeme kwa muda, ambayo betri yake ilikuwa imekufa bila mtu kujua, ikazimika nayo. Kesho yake alifika mzee mmoja na risiti ya Sh 50,000, yenye saa na muhuri wetu, lakini kwenye akaunti yake muamala huo haukuwapo: umeme ulikatika kabla haujashushwa diskini.

“Mwanangu, karatasi hii mmenipa ninyi,” aliniambia, nami sikuwa na jibu.

Niliirudisha innodb_flush_log_at_trx_commit kwenye 1, na sync_binlog, mpangilio kama huo wa daftari jingine la MySQL, nayo ikabaki 1. Kasi tuliitafuta kwingine: tuliagiza SSD ya seva, yaani diski isiyozunguka, yenye kapasita zinazoiwezesha kumalizia kuandika umeme ukikatika, tukabadili betri ya UPS, na makato ya mishahara ya mwisho wa mwezi, ambayo programu ilikuwa ikiyathibitisha mstari mmoja mmoja, tukayafunga katika mafungu ya 500. Hilo la mafungu lilizaa matunda hata kabla SSD haijafika kutoka Dar es Salaam: makato 3,000 yaliyokuwa yakichukua dakika nzima na ushei yalimalizika kwa sekunde chache. Thamani ya 2 bado naitumia, lakini kwenye seva ya majaribio iliyo chini ya meza yangu, ambayo haijawahi kumtolea mtu risiti.