Jibu: Mbona muziki huu haujirudii?

Mkuu, umeuliza inakuwaje Music for Airports, albamu ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno (1978), inacheza muda mrefu bila sikio kukamata inapoanzia upya. Umesema pia unatengeneza muziki wako wa namna hiyo kwa vipande vya sekunde 6, 8 na 12, kimojawapo mvua uliyorekodi Iringa. Siri ni urefu wa vipande. Kwenye wimbo wa “2/1” wa albamu hiyo kuna sauti za watu zikiimba noti moja moja, “aaa”, na kila noti ina utepe wake wa kurekodia sauti uliounganishwa ncha kwa ncha. Mmoja unazunguka kila sekunde 23 na nusu, mwingine karibu 26, mwingine karibu 30. Tepe zilikuwa ndefu mpaka zikapitishwa kwenye miguu ya viti vya studio! Kwa hiyo noti zinakutana, zinaachana, kisha zinakutana kwa namna nyingine kabisa.

Mimi nilijaribu hapa Uyole kwa simu: mvua ya kwenye bati sekunde 7, filimbi 11, mlango wa banda unaolia 13. Vinaanza tena pamoja baada ya sekunde 1,001, dakika 16 na ushee. Hizo 6, 8 na 12 ulizotaja ziache, zinakutana kila sekunde 24, sikio linazinasa mapema. Na mvua yako ya Iringa ikate mahali pasipo na radi. Radi ikijirudia inaumbua kila kitu.